Bi Mfamasia Anajibu: Piko, wanja na krimu zisizo na lebo

Msimu wa harusi umepita na barua zimenijia kwa wingi, nyingine zimeambatana na picha za ngozi ambazo sitaziweka hapa. Nimechagua nne. Zote, kila moja kwa njia yake, zinauliza sheria iko wapi. Kwa msomaji mgeni: nilikaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Mombasa miaka 26 kabla ya kupumzika, na ninayoandika ni niliyosoma na niliyoyaona.

Assalamu alaykum Bi Mfamasia. Mdogo wangu aliolewa mwezi uliopita. Alhamisi alipakwa hina na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, mikono mpaka viwikoni na miguu mpaka magotini. Jumapili, siku ya kupambwa, mikono ikaanza kumwasha. Kufika Jumanne kila mstari wa piko ulikuwa umeinuka na kujaa maji, ua kwa ua. Hospitali tumekwenda, amepata nafuu, lakini palipokuwa na piko sasa pamekuwa peupe. Aliyempaka anasema hana kosa, piko ameinunua duka la Marikiti, inauzwa mchana kweupe, na kitu kikiuzwa hivyo basi serikali imekiruhusu. Ni kweli? Na ngozi yake itarudi?
Dada wa Bibi Harusi, Kibokoni

Waalaykum salaam, mwanangu. Mpe bibi harusi pole zangu, na umwambie maumivu hayo nayajua. Mguu wangu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, una ua la majani matano. Nilipakwa piko siku ya harusi yangu, ikavimba, ikapasuka, na ilipopona ua likabaki limechorwa kwa ngozi iliyofifia. Ukilitazama kwa karibu unaona hata pale mkono wa aliyenipaka ulipotetereka kwenye jani la mwisho. Nina wajukuu sasa, na ua lile bado lipo.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu najua ndilo linalomkosesha usingizi. Kwa wengi rangi hurudi, ila huchukua miezi. Kwa wengine hairudi yote. Asisugue, asipake kitu chochote cha jirani cha "kurudisha rangi", na jua alikinge kwa nguo ya mikono mirefu. Lakini kuna jambo zito kuliko rangi. Kemikali iliyomuunguza inaitwa parafenilinidiamini, kwa ufupi PPD, na mwili ukishaikataa mara moja hauisahau tena. Akija kupaka rangi nyeusi kichwani baada ya miaka 20 ili afiche mvi, anaweza kuvimba uso mpaka macho yafumbe. Tena PPD ina jamaa zake: dawa ya ganzi ya kupaka iitwayo benzokaini, na baadhi ya rangi za kutilia nguo. Kwa hiyo aandike kwenye daftari lake la kliniki, kwa herufi kubwa, kwamba ana mzio wa PPD, na kila akienda kwa daktari wa meno au kujifungua aliseme hilo kabla hajaulizwa. Mimi sijapaka rangi ya nywele tangu wakati ule.

Sasa maneno ya mpaka hina. Amesema kweli, ila ameishia nusu. Ile pakiti aliyoinunua Marikiti ni rangi ya nywele, na kama rangi ya nywele inauzwa kihalali. Mafuta ya taa nayo yanauzwa hadharani, na hakuna anayemtilia mgeni wake kwenye glasi. Afrika Mashariki tuna viwango vya vipodozi vinavyoitwa EAS 377, na Kenya inavifuata. Sehemu yake ya kwanza ni orodha ya vitu visivyoruhusiwa kabisa kutiwa katika kipodozi. Sehemu ya pili ni ya vile vinavyoruhusiwa kwa masharti tu: kiasi gani, mahali gani pa mwili, na onyo gani liandikwe. PPD ni ya kundi hilo la masharti, na mahali pake ni kichwani, kwenye nywele. Ulaya, ambako viwango vyetu vimefuata mpangilio wake, PPD inayogusa nywele haitakiwi kuzidi asilimia 2, na boksi linatakiwa liseme wazi kwamba rangi hiyo si ya mtu aliye chini ya miaka 16. Tena linatakiwa liseme kwamba michoro ya hina nyeusi inaweza kukuzidishia hatari ya mzio, na kwamba kama uliwahi kudhurika nayo usipake rangi hiyo kabisa. Umeona? Mtu anaketi Ufaransa kupaka nywele zake, na boksi linamtahadharisha na piko yetu.

Wewe sasa ingia chumbani kwa bibi harusi, siku ya hina, uniambie onyo limekwenda wapi. Pakiti ndogo, ya vidole vitatu. Nyuma yake maandishi madogo kama mayai ya chawa, kwa Kiingereza: vaa glavu, jaribu kidogo nyuma ya sikio, ngoja saa 48, usipake nyusi wala kope. Mpaka hina anaichana kwa meno, anamwaga unga kwenye kibakuli, anakoroga, anamimina kwenye koni ya plastiki, na pakiti inakwenda kwenye ndoo pamoja na maganda ya ndimu. Kuanzia hapo ile dawa haina jina wala onyo. Bibi harusi ananyoosha mkono na kuamini kwamba kilichomo kwenye koni ni hina.

Sheria ya vipodozi karibu yote imeandikwa kwa ajili ya lebo. Ukitupa lebo, umeitoa sheria nje ya chumba. Nataka wasomaji wangu walishike hilo kuliko jina la kemikali yoyote.

Hata hivyo sheria yetu haikuwa na akili fupi. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inamtia hatiani anayeuza kipodozi chenye kitu kinachoweza kumdhuru mtumiaji, na haikuishia kwenye matumizi yaliyoandikwa kwenye lebo tu. Inataja pia matumizi yaliyozoeleka. Na hapa Pwani ni nani asiyejua kwamba pakiti zile zinanunuliwa na wapaka hina kwa dazeni? Muuzaji anajua. Ningekuwa afisa wa afya ya umma wa kaunti hii, ningeanzia kwa muuzaji wa jumla, wala nisingemgusa kwanza mama wa watu anayepiga magoti mbele ya bibi harusi mpaka usiku wa manane. Mtazame vidole vyake. Yeye anaishika kila wiki bila glavu.

PPD hii ndiyo mojawapo ya sababu Marekani ikawa na sheria ya vipodozi. Mwaka 1933 kulikuwa na rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, ndani yake PPD. Wanawake walidhurika macho, mmoja akapofuka, mmoja akafa. Serikali haikuweza kuiondoa madukani, kwa sababu sheria yao ya 1906 ilihusu chakula na dawa peke yake. Ilipokuja sheria ya 1938, vipodozi vikaingizwa, lakini wenye viwanda vya rangi za nywele wakapata upenyo: rangi za lami ya makaa, jamii ya PPD, ziruhusiwe kuuzwa mradi zibebe onyo kwamba zijaribiwe kwanza na zisitiwe kope wala nyusi, kwani zinaweza kupofusha. Basi kile kionyo kinachotupwa kwenye ndoo pale Kibokoni kimezaliwa na macho ya yule mwanamke aliyepofuka.

Kwa mpaka hina nendeni kwa adabu, dada mkubwa na mtu mzima mmoja wa familia. Mwambieni kilichotokea, mwonyesheni mkono. Mwombeni kwa harusi zijazo atumie hina ya majani peke yake. Hina ya kweli haina haraka: inalala usiku kucha, asubuhi ukiikwangua mkono ni wa rangi ya chungwa, na siku ya pili ndipo inapoiva. Nyanyangu alikoleza kwa maji ya ndimu, sukari na mafuta ya karafuu, kisha akatuweka karibu na seredani tupate joto. Ilitoka nyekundu ya damu ya mzee. Kitu kinachotoa weusi wa makaa kwa saa moja, hata kiitwe hina nyeusi, si hina yenyewe iliyotia weusi huo.

Na kuhusu fidia, Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kulindwa afya yake, kupewa habari anazohitaji kuhusu anachokinunua, na kulipwa akidhurika kwa kasoro ya bidhaa. Ila mahakama itataka pakiti. Nendeni mkaulize kama bado ipo.

Bi Mfamasia, shikamoo. Nina mtoto wa siku 40. Mavyaa wangu ameletewa wanja wa manga na jamaa aliyesafiri, umo ndani ya kichupa cha shaba, na kila asubuhi anamtia mtoto machoni na kumchora nyusi. Anasema macho yatakuwa makubwa na jicho la hasadi litampita. Nikisema neno naonekana nimekosa adabu. Huo wanja una ubaya?
Mama Mzazi, Mtopanga

Marahaba, mwanangu, na hongera ya mtoto.

Unao ubaya, na kwa mtoto ndiyo zaidi. Wanja wa manga wa asili ni jiwe linalosagwa, na jiwe lenyewe mara nyingi ni salfaidi ya risasi. Risasi ile ile ya betri za magari. Kuna wanja uliopimwa ukaonekana zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Machozi ya mtoto hayabaki jichoni, yana mfereji unaoshuka puani mpaka kooni, na mkono wake akiusugua jicho unaishia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto ambaye ubongo wake ndiyo kwanza unajengeka. Marekani haijawahi kuuruhusu wanja wa aina hiyo katika vipodozi. Ulaya, risasi imo katika orodha ya marufuku. Lakini kichupa cha shaba kilichokuja ndani ya sanduku la msafiri, kati ya kanzu na tende, hakijapita mbele ya mkaguzi yeyote.

Usimkabili mavyaa wako mbele za watu. Mweleze mumeo kwanza, naye amwambie mamake kwa faragha, kwamba daktari wa kliniki amekataza kitu chochote machoni mwa mtoto. Mpeni mama mzazi wa mumeo kazi nyingine ya heshima: amchue mtoto kwa mafuta ya nazi, amwogeshe, amsomee dua. Na wewe mwombe daktari ampime mtoto damu kuona kiasi cha risasi. Kichupa kifungwe, kisitupwe mchangani watoto wanapochezea.

Bi Mfamasia, mimi nauza vipodozi soko la Kongowea miaka tisa. Wiki iliyopita maafisa walikuja na lori, wakachukua katoni tatu za krimu na sabuni zangu, hasara yake sitaitaja. Wanasema zina sumu. Mbona huko zinakotengenezwa zinauzwa? Mbona wateja wangu wanarudi wakishukuru? Mimi silazimishi mtu. Na mtu kama mimi, sina maabara, nitajuaje kilichomo? Naona sheria hizi ni za kumuonea mdogo.
Mwenye Kibanda, Kongowea

Barua yako nimeisoma mara tatu, mwanangu, kwa sababu katika miaka yangu ya mwanzo ningeweza kuiandika mimi.

Sikiliza kisa hiki. Mgavi mmoja, jina lake halina haja, aliniletea katoni ya sabuni za kung'arisha uso. Nikauza dazeni mbili bila wasiwasi. Siku moja jua lilipigia kaunta kwa ubavu, nikaona lebo ya nyuma imepanda, iko juu ya lebo nyingine. Nikachovya kitambaa kwenye maji ya moto ya birika, nikakilaza juu ya ile stika, nikahesabu mpaka mia, nikaivuta polepole kwa ukucha. Stika ya juu ilisema papai na vitamini E. Chini yake maandishi mekundu: iodidi ya zebaki, asilimia 2. Nilikaa chini. Nilikuwa nimeshauza sabuni 24, na katika walionunua namkumbuka mwanamke mjamzito aliyekuwa anakuja na mtoto mkononi. Sikumwona tena kumwambia. Mgavi nilipompigia simu aliniambia niendelee kuuza, kwani wateja wanaitaka. Nilipeleka sampuli kwa wahusika, ikapokelewa, na majuma machache baadaye nikaiona sabuni ile ile kwenye rafu ya duka jingine barabara ya pili. Nimebaki na uchungu huo.

Zebaki hung'arisha kweli, ndiyo maana wateja wanakushukuru. Inazuia ngozi kutengeneza weusi wake. Lakini inapita ngozini na kukaa kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari waliokuwa Nairobi waliandika habari za watu wazima waliokuja wamevimba uso na miguu, figo zao zinavujisha protini kwenye mkojo, na sehemu kubwa ya wagonjwa hao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Nairobi, si nchi ya mbali. Na haimdhuru mpakaji peke yake, kwa sababu zebaki hupanda hewani, hushika mito na taulo, na mtoto anayelala kifuani mwa mamake anaivuta.

Umeuliza mbona zinauzwa zinakotengenezwa. Swali hilo ni la haki, na jibu lake linaniudhi hata leo. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana kuiondoa zebaki kwenye vipodozi vya watu wao mwaka 1976. Lakini sabuni za zebaki ziliendelea kutengenezwa huko huko kwa ajili ya kusafirishwa nje, na Afrika ndiyo iliyokuwa soko. Ilichukua mpaka 2003 ndipo sheria yao ikakataza kuzitoa nje. Miaka 27! Kwa hiyo ukisema sheria zimemwonea mdogo, kuna mahali nakubaliana nawe kabisa, ila aliyeonewa hapo ni yule mwanamke wa Kiafrika aliyeuziwa kitu ambacho mwenzake wa Ulaya alikingwa nacho.

Leo dunia nzima ina mkataba mmoja juu ya zebaki, Mkataba wa Minamata, ulioanza kufanya kazi Agosti 2017. Mwanzoni uliweka mpaka: zebaki katika kipodozi isizidi sehemu moja kwa milioni, yaani gramu moja ya zebaki katika tani nzima ya krimu. Mwaka 2023 nchi wanachama walikutana Geneva wakakubaliana kwamba hata hicho kidogo kiondoke, kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kikome kufikia 2025. Sabuni niliyoibandua mimi ilikuwa na asilimia 2 ya iodidi ya zebaki. Piga hesabu mwenyewe: hata ukihesabu zebaki iliyomo peke yake, ni zaidi ya mara 8,000 ya ule mpaka wa kwanza.

Ukiacha zebaki kuna haidrokwinoni. Hii ni dawa, daktari wa ngozi anaweza kuiandika kwa kiasi na kwa muda. Ikiuzwa kama mafuta ya kila siku, miaka ikipita inageuka: ngozi ya mashavu inatoa madoa ya buluu na meusi, kama masizi yaliyoingia ndani, na hayatoki. Afrika Kusini waliyaona madoa hayo kwa wanawake wao miaka ya 1970, na mwaka 1990 wakaipiga marufuku kwenye krimu za kung'arisha, wakakataza hata matangazo yanayodai kuifanya ngozi kuwa nyeupe. Ulaya ikafuata 2001, Ghana 2016. Kenya nayo haiiruhusu kwenye vipodozi vya kung'arisha ngozi. Tatu ni steroidi, hasa klobetasoli, ambazo ni dawa za cheti cha daktari. Zinang'arisha kwa wiki mbili, kisha ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya kufungia sambusa, mishipa inaonekana, na mtu akijikwaruza kidonda hakifungi.

Sasa utajuaje bila maabara. Macho na pua vinatosha kwa mengi. Tafuta orodha ya viambato. Isipokuwepo, usinunue, basi. Ikiwepo, soma kila neno linaloanza na "mercur", na neno "calomel", ambalo ni zebaki kwa jina la kizamani. Kisha soma maelekezo: ukikuta krimu ya uso inakuonya isiguse dhahabu, fedha au vyombo vya alumini, irudishe siku hiyo hiyo. Mtengenezaji anajua zebaki inaila dhahabu na kuifanya nyeupe, naye anaogopa pete ya mteja kuliko figo zake. Bidhaa ya nje iwe na stika ya ISM ya Shirika la Ukadiriaji wa Ubora wa Bidhaa, yaani KEBS, na nambari yake unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi kwa 20023. Iliyotengenezwa hapa nchini iwe na alama ya ubora na nambari ya kibali. Bonyeza kidole kando ya lebo uone kama ipo moja au mbili. Na kwa mgavi dai risiti yenye jina la bidhaa na nambari ya toleo, kwa sababu maafisa wakija ndiyo itakayowapeleka kwake badala ya kuishia kwako.

Kuhusu ule mkorogo unaopimwa kwa kijiko kwenye vikopo vya mtindi, sijui kama unauuza, lakini Kongowea naijua. Huo hauna mgavi, hauna toleo, hauna stika ya kubandua. Mteja akidhurika, anayejulikana ni wewe peke yako.

Sikwambii ufunge kibanda. Mafuta ya nazi, liwa, singo, sabuni ya mwarobaini, losheni za kawaida zenye lebo kamili, vyote vinauzika. Na wale wateja wanaorudi kushukuru, anza kuwaangalia mashavu.

Bi Mfamasia, nafanya kazi saluni moja mtaa wa Tudor. Wateja wanapenda sana "keratini" ya kunyoosha nywele. Nikiipitisha pasi ya moto moshi unapanda, macho yananitoka machozi, mteja anakohoa, na kifua kinanibana mpaka usiku. Chupa imeandikwa haina fomaldehaidi. Bosi amenipa barakoa ya kitambaa. Nina mimba ya miezi minne. Nifanye nini?
Msusi, Tudor

Mwanangu, kesho usiifanye hiyo kazi. Nitakueleza sababu, lakini shika hilo kwanza.

Fomaldehaidi ikichanganywa na maji inageuka kuwa methilini glikoli, na wajanja wanaliandika jina hilo la pili, au hawaandiki kitu, kisha wanatangaza kwamba la kwanza halimo. Chupani imetulia. Ukiipitisha pasi yenye joto la zaidi ya nyuzi 200 inarudi kuwa gesi, puani mwako na mwa mteja. Ni gesi ya ile formalini inayohifadhi maiti. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka mwaka 2004 katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Jimbo la California limetunga sheria iliyoanza Januari 2025 kukataza vitu 24 kwa majina katika vipodozi, na fomaldehaidi imo, pamoja na zebaki.

Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi la nywele. Gesi inapita kana kwamba hakuna kitu. Feni nayo inaisogeza tu kutoka kwako kwenda kwa anayesukwa kiti cha pili.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamwekea bosi wako wajibu wa kukulinda dhidi ya kemikali za kazini na kukuelimisha juu yake. Mwombe kwa upole akuonyeshe karatasi ya usalama ya dawa ile, ambayo mgavi anatakiwa kuwa nayo. Wengi hawana, na bosi mwenye busara akishaikosa huanza kuogopa mwenyewe. Mwambie pia hali yako, umwombe akuweke kwenye kusuka na kuosha mpaka ujifungue. Akikataa, ofisi ya usalama kazini ipo hapa Mombasa na hupokea malalamiko ya mfanyakazi. Kliniki umweleze mkunga unachovuta kazini, na kifua kikiendelea kubana usingoje tarehe ya kadi.

Kabla hujaondoka kwenye kile kiti, piga picha ya chupa, mbele na nyuma, na ya chini pale penye nambari ya toleo. Niletee. Kama lebo imepanda juu ya nyingine, iache, usiibandue wewe.